Maneno ya Mama Zuhura, Mwandiko Wangu

Habari za kifo cha Mama Zuhura zilinifikia kama oda ya sambusa. Simu ililia Jumatano asubuhi mikono yangu ikiwa kwenye unga, na sauti ya mwanamke ikaniuliza kwa Kiingereza kama ndiye mimi Anti Tatu wa Edmonton anayepika, na kama ningeweza kutoa sambusa mia mbili za nyama kwa Jumamosi. Nikasema naweza. Nikauliza ni za harusi au za nini, maana za harusi huzikunja ndogo na za msiba huzikunja kubwa. Watu wa msibani hula kwa dhati zaidi. Akasema ni za hitima ya mama yake, na mama yake ni Mwanahawa aliyepanga chumba cha nyuma kwa shangazi yangu zamani, na yeye ndiye Zuhura. Kisha akaongeza, kwa upole ambao sikuuelewa mpaka Jumamosi yenyewe, kwamba angefurahi kama ningezileta mwenyewe.

Mimi si mtu wa kuleta vitu mwenyewe. Watu huja mlangoni kwangu, hupokea sinia, huniambia nimenenepa, huenda zao. Nimekaa London miaka inayokaribia thelathini na naufahamu mji huu vizuri sana kuanzia jikoni kwangu mpaka kituo cha basi. Ng'ambo ya hapo nategemea masimulizi. Kutoka Edmonton kwenda Hounslow, anakokaa Zuhura, kwangu mimi, ni safari ya kuaga majirani. Lakini nilikubali, na siku zile mbili za kukunja manda nilizitumia kuukumbuka mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na ulimi wenye umri mkubwa kuliko mimi. Jinsi nilivyofika nchi hii, nani alinipokea na nani alinililia, nayaacha. Kila mmoja wetu ana hadithi hiyo na zote zinafanana. Naanzia jikoni kwa Shangazi Saada.

Lilikuwa jiko jembamba la nyumba zile zilizoshikana ukuta kwa ukuta, lenye meza ya kukunja na viti vinne ambavyo havikuwahi kuwa ndugu. Nguo zilikauka juu ya mabomba ya joto kwenye korido, kwa hiyo nyumba nzima ilinuka sabuni na maharage ya nazi, na dirisha lilikuwa na mvuke kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Jumapili mchana wanawake walikuja. Wengi walikuwa wa Edmonton hapo hapo, wenye watoto shule moja na Zuhura na binti wa Shangazi. Mama Shufaa alitoka mbali, Kilburn, na alikuja na kikombe chake mwenyewe kwenye mkoba kwa sababu aliwahi kuona Shangazi akisuuza vyombo kwa maji baridi. Kazi yangu mle ndani ilikuwa kupika, kufua, kuwachunga watoto wawili wa Shangazi, na kuwachekesha wageni. Hiyo ya mwisho hakunipa mtu, niliichukua. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Tanga, Kiingereza cha kwenye daftari, na kipaji cha kumwiga mtu yeyote niliyemwona mara mbili. Nilimwiga imamu akitafuta miwani, nilimwiga dereva wa basi, nilimwiga Shangazi akiongea na watu wa halmashauri kwenye simu. Na kuliko wote, nilimwiga Mama Zuhura.

Alikuwa mwanamke mrefu wa Mombasa, mwenye kutembea kama anayebeba kitu kichwani hata akiwa mikono mitupu. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Aliondoka alfajiri, akarudi saa kumi jioni na viatu vyake vyeupe na harufu ya poda ya watoto, na Kiingereza chake chote alikuwa amekiokota huko huko vitandani mwa wazee: inua mkono, mpenzi wangu, meza, meza kidogo tu, umefanya vizuri sana. Kiingereza hicho alikitumia kwa watu wote. Alimwambia dereva wa basi kwamba amefanya vizuri sana, mpenzi wangu. Alimwambia hivyo mtu wa posta, na daktari wa meno akiwa bado na vidole mdomoni mwake. Mimi nikakiigiza jikoni, na Mama Shufaa akacheka mpaka kikombe chake kikaingia hatarini.

Kosa lake kwangu lilikuwa moja, na alilifanya kwa wema, ndiyo maana liliuma. Siku moja alinikuta naanika soksi, wageni wamejaa, akaniambia mbele yao:

"Tatu, wewe mwana umesoma. Wakaa humu ndani waanika soksi za watu kwa nini? Chuo kiko hapo, basi moja tu. Nitakusindikiza mimi."

Msomaji aelewe hali ilivyokuwa. Mimi nilikuwa nimewaambia wanawake wote wale, mmoja mmoja na kwa uchungu mzuri, kwamba Shangazi hataki nisome. Kumbe Shangazi alikuwa ameniletea fomu za chuo mwenyewe, tangu mwezi wa tisa, nami nilizilaza chini ya godoro kwa sababu niliogopa: niliogopa basi, niliogopa darasa, niliogopa kukosea neno mbele ya Wazungu wenye miaka kumi na saba. Shangazi aliposikia "chuo" akanigeukia, akauliza zile fomu ziliishia wapi. Wanawake wakamtazama yeye, wakanitazama mimi, wakaelewa. Nikacheka kuliko wote. Lakini kinyongo nilikiweka mahali pazuri, pakavu.

Baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, Mama Zuhura alishikwa na mafua akabaki nyumbani, na mchana akagundua mwanawe amesahau pampu yake ya pumu. Akaibeba mpaka shuleni. Msichana wa mapokezi, mgeni kazini pengine, badala ya kuipokea akamwelekeza korido ndefu, mlango wa mwisho. Mlango ule ulikuwa na kioo. Ndani, alitueleza jioni ile akiwa amesimama na koti lake, kulikuwa na vibanda vya mbao, kila kimoja na kiti kimoja, vyote vikitazama ukuta. Watoto sita, migongo tu. Mwalimu nyuma yao akisoma gazeti. Hakuona uso wa mtu, ila mgongo mmoja aliujua kwa upindo wa mtandio, kwa kuwa mtandio ule ameushona yeye na uzi ulimwishia njiani akamalizia kwa rangi nyingine. Zuhura alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Ilikuwa siku yake ya tisa mle ndani tangu shule ifunguliwe, asubuhi mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na chakula akiletewa hapo hapo. Nyumbani haikuja barua wala simu.

Kosa la mtoto lilikuwa kuuliza. Hesabu za shule zile zilikuwa na mitihani miwili, wa juu na wa chini, na aliyewekwa kwenye wa chini hata apate maswali yote hapewi alama ya juu. Alama zake zimewekewa dari. Zuhura aligundua kitabu chake si sawa na cha rafiki yake. Akauliza kwa nini. Akaambiwa kundi lake ni la wanaojifunza Kiingereza. Akasema, kwa Kiingereza, kwamba amezaliwa umbali wa vituo vinne vya basi kutoka pale. Hapo ndipo ikawa kujibizana.

Kwa wiki kadhaa Mama Zuhura hakuwa na mazungumzo mengine. Akimenya machungwa, ni kile chumba. Akipiga pasi sare yake, ni kile chumba. Alikuwa na maoni kamili, nayaandika hapa kama nilivyoyasikia kwa sababu nina deni la kuyaandika kikamilifu angalau mara moja. Mtoto asiwekwe chumba kile bila mzazi kuambiwa siku hiyo hiyo, na aambiwe kwa lugha anayoisikia. Asiwekwe akitazama ukuta. Yeye, alisema, kazini ana bibi wa miaka tisini na miwili aliyesahau jina lake mwenyewe, na akimgeuzia kitanda ukutani anafukuzwa kazi. Mzazi aelezwe mtoto wake atafanya mtihani upi kabla hajawekwa. Na mikutano ya wazazi isiitwe saa tisa mchana, wakati nusu ya wazazi wako na wagonjwa na nusu wako maghalani. Leo nikiyasoma haya nashangaa yalivyokuwa madogo. Wakati ule tulimwona kama anayetaka kupindua serikali.

Kisha ikaja barua kwenye mikoba ya watoto: kuna nafasi moja ya mzazi kwenye bodi ya shule. Anayetaka kugombea aandike nusu ukurasa kujieleza, na wazazi watapiga kura kwa vikaratasi vitakavyobebwa na watoto. Mama Zuhura akasema atagombea. Mama Shufaa, ambaye hakuwa na kura lakini alikuwa na maoni, akauliza kama bodini nako watainuliwa mikono na kuambiwa wamefanya vizuri, wapenzi wangu. Ulikuwa mzaha wangu, ameuiba, lakini nilimsamehe kwa jinsi watu walivyocheka. Mama Zuhura naye alicheka. Alikuwa na tabia hiyo ya kucheka pamoja na watu bila kuuliza wanacheka nini.

Aliandika kwa Kiswahili, siku mbili, nyuma ya karatasi za zamu za kazini, kwa mwandiko wa kulala uliofundishwa kwa fimbo. Kisha akaniletea chumbani. Nakumbuka alivyokaa ukingoni mwa kitanda changu, juu ya fomu zangu za chuo bila kujua, akanisomea mwanzo wake:

"Waheshimiwa wazazi wenzangu, baada ya salamu, naomba radhi kusimama mbele yenu. Mimi ni mtu duni, sikusoma, na humu mna wanaonishinda kwa elimu, kwa busara na kwa kauli, wala sistahili kutangulia mbele yao. Nisameheni kwa kuwapotezea wakati. Lakini nina mtoto, nanyi mna watoto, na nimeona jambo kwa macho yangu ambalo siwezi kulilalia."

Mswahili yeyote akisikia maneno hayo anajua ni viatu vinavuliwa mlangoni. Ndivyo mtu mwenye adabu anavyoingia kwenye neno zito; asiyejishusha kwanza hapewi masikio. Kila mmoja wetu jikoni angeanza hivyo hivyo, kwenye harusi, kwenye posa, kwenye kikao cha msiba. Mazungumzo yenyewe huanza kwenye "lakini". Na baada ya "lakini" yake yalifuata yale yote ya chumba, kwa ukurasa na zaidi, na yalikuwa mazuri hata nikaona wivu.

"Nitilie Kizungu," akasema. "Maneno yangu mengi, nusu ukurasa hayaingii. Punguza utakapo. La chumba tu usilipunguze."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ningependa kusema sikujua. Nimewahi hata kumwambia hivyo mwanamke mmoja aliyeniuliza, miaka ya nyuma, na akaniamini, kwa sababu nina uso wa mtu asiyejua. Lakini mwaka ule ule Shangazi Saada alikuwa amekosa kazi ya usafi ofisini kwa sababu alipoulizwa kama anaweza kusafisha alijibu, kwa adabu zote, kwamba anajaribu tu. Yule bwana akamshukuru akafunga faili. Jikoni tulilizungumza mwezi mzima, tukacheka, tukajifunza: huku ukijishusha wanakuacha hapo hapo chini. Baada ya hapo mimi ndiye niliyewajazia wanawake wale fomu zao za kazi, na kwa mkono wangu watu ambao hawakuwahi kuongoza hata foleni ya choo wakawa na uzoefu mkubwa wa uongozi. Nilijua vizuri sana Kiingereza kinataka nini.

Nikakaa kwenye meza ya kukunja na kalamu nyeusi. Salamu nikazitafsiri zote. Udogo wake nikautafsiri neno kwa neno, bila haraka, kwa upendo: kwamba yeye ni mtu wa hali ya chini; kwamba hana elimu; kwamba kuna wengi wanaofaa kuliko yeye; kwamba hastahili nafasi hii; kwamba anaomba msamaha kwa kuwapotezea muda. Nikaongeza msamaha mmoja wa ziada kwa sababu ulisikika vizuri. Mistari ikawa inaisha. Kwenye mstari wa mwisho, mahali palipobaki kwa chumba, kwa vibanda, kwa mgongo wa mtoto na upindo wa uzi wa rangi mbili, niliandika kwamba pia baadhi ya vyumba vya shule havipendezi. Kisha nikaweka nukta. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana. Shangazi alisema unafanana na wa kadi za harusi. Na kila neno, toa ule msamaha wa ziada, lilikuwa la kwake. Ningeweza kuapa. Huo ndio ulikuwa utamu wenyewe.

Jumapili iliyofuata niliwasomea wanawake kabla ya mwenyewe kurudi kutoka kazini. Nilisimama kando ya friji nikaweka mtandio kama wake, nikatembea kama ninabeba kitu, nikasoma Kiingereza kile kwa sauti ya mtu anayelisha uji, na kila mstari nikautafsiri kwa wale waliohitaji. Shangazi alijifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mlango wa mbele ukafunguliwa, viatu vyeupe vikaja koridoni, na Mama Zuhura akasimama pale akitutazama, na baridi ya nje bado iko kwenye koti lake.

"Mwacheka nini? Nambieni nami nicheke."

Nilijibu mimi. Nikamwambia nawasomea barua yake, imetoka vizuri. Akataka asikie. Nikaisoma upya, sasa kwa sauti yangu ya shule, taratibu, na yeye akasimama na mkoba begani akisikiliza Kiingereza kirefu ambacho hakikuwa na mkono wa kuinua wala uji wa kumeza, uso wake ukafunguka kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni. Aliyajua maneno mawili matatu. Aliposikia neno la chumba akainua kidole.

"Umekitia?"

"Nimekitia."

"Umefanya vizuri sana, mpenzi wangu," akasema, kwa Kiingereza chake, na Mama Shufaa ikabidi atoke nje kwenda kuangalia mvua.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye ngazi wakati wote ule. Alikaa pale siku zote, magoti kidevuni, kitabu mkononi. Watoto waliozaliwa hapa tulizungumza mbele yao kama mbele ya paka. Ukiwaita kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, basi tukachukulia kwamba Kiswahili kinawapita juu. Kesho yake barua ile iliondoka nyumbani ndani ya mkoba wake.

Wagombea walikuwa watatu, na maelezo yao yalikuja yamepigwa chapa kwenye karatasi moja. Wa kwanza, bwana mwenye duka la mazulia, aliandika kwamba yeye ni kiongozi wa kuzaliwa. Wa pili alisema ana shahada mbili na mapenzi makubwa kwa watoto. Wa tatu alisema hafai. Wanawake wa Jumapili walikuwa na kura zao, na hesabu ya kawaida ya watu wa kwetu ingempa zote. Vikaratasi vilikaa kwenye droo za jikoni, vikaandikwa orodha za sokoni kwa nyuma. Shangazi, nilipomwuliza kama amekwisha kupeleka chake, aliendelea kuchambua mchele.

"Mwenyewe kaandika hafai," akasema. "Mimi ni nani nimbishie?"

Mama Zuhura alikuja wa tatu kwa mbali. Barua ya matokeo aliileta kwangu niisome, jikoni, mimi na yeye peke yetu, sufuria ya maharage ikitokota. Nikaisoma. Akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa sare yake, akakaa kwenye kile kiti kibovu ambacho hakuna mtu aliyekikalia kwa hiari.

"Labda nilikisema kile chumba kwa ukali," akasema. "Watu hawapendi mtu mkali. Wewe waonaje, Tatu?"

Kuna mambo mengi ya kikatili niliyoyafanya kwa kucheka, na hayo nayasamehe kidogo, kwa kuwa kicheko kinamlewesha mtu. Lakini pale sikuwa nacheka. Hapakuwa na mtu wa kumchekesha. Nilikoroga maharage nikasema, "Labda."

Bwana wa mazulia akaingia bodini na shule ikapata zulia jipya la mapokezi. Chumba kikabaki. Mama Zuhura alimwendea mwalimu mkuu mara mbili akaambiwa malalamiko ya wazazi yana mwakilishi wake sasa. Zuhura aliingizwa mle tena, siku tatu, siku tano, mpaka alipoacha kuuliza maswali. Hapo wakaandika kwenye ripoti kwamba tabia imekuwa nzuri. Mtihani alioufanya ulikuwa wa chini. Kabla shule hazijafungua mwaka uliofuata walihamia Hounslow, Mama Zuhura kapata kazi ya kusafisha ndege, na siku ya kuondoka aliniachia doti ya kanga nzuri ya zambarau, leso kama alivyoiita. Kwa kunishukuru, alisema, kwa ile barua.

Basi Jumamosi nilifunika sinia la sambusa kwa kipande kimoja cha leso ile. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Pengine nilitaka kuonekana niliithamini, ingawa kipande cha pili nimekaushia vyombo mpaka kikaisha. Nilipanda treni mbili na basi moja, nikapotea, nikaelekezwa na mtoto. Nyumba ya Zuhura ilikuwa ghorofa ya tatu, ndege zikipita juu kila baada ya dakika mbili kiasi kwamba hitima ilisomwa kwa vipande. Zuhura ni mwanamke mzima sasa, mrefu, anatembea kama mama yake. Yuko kwenye dawati la mizigo iliyopotea pale uwanja wa ndege. Alinipokea sinia, akaitazama ile leso kwa muda, akaikunja akaiweka begani mwake.

Watu walipomaliza kula alikuja na faili la plastiki ambalo mama yake alitunzia pasipoti na kadi za hospitali. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zilizoshikanishwa kwa pini yenye kutu: ile ya nyuma ya zamu, na nakala ya ile yangu. Akawaambia wanawake kwa Kiingereza kwamba Anti Tatu alimjua mama, na ana sauti nzuri, awasomee. Nikashika ile ya Kiswahili. Nilisoma kutoka baada ya salamu mpaka mwisho, chumba chote, bibi wa miaka tisini na miwili, mgongo na mtandio, na wanawake watu wazima walilia, maana ni kweli, nina sauti nzuri.

"Sasa na hiyo ya pili," akasema Zuhura, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Nikasoma ile ya pili. Haikuchukua muda. Binti yake, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa amekaa sakafuni, akacheka kwa mshangao, akauliza kwa Kiingereza ni nani anayeweza kuandika hivyo akiomba nafasi. Zuhura akamjibu kwamba ni Anti Tatu. Macho yote yakanijia. Nikafanya ninalolifanya siku zote: nikasema angalau mwandiko ulikuwa mzuri. Ndege ikapita. Hakuna aliyecheka.

"Niliisoma njiani kwenda shule," Zuhura akasema, taratibu, kwa Kimombasa cha mama yake, maneno yake yakiwa na vumbi la kukaa muda mrefu bila kutumika. "Jioni nikamwambia, mama, hii si uliyoandika wewe. Kesho naenda kuichukua. Akanipiga kofi. Hakuwa amenipiga kabla, wala hakunipiga tena. Akanambia, mwana wa watu amekufanyia wema, nawe wamtukana."

Nilisubiri aongeze. Mtu akikusema vibaya unapata pa kushika, unaweza hata kulia. Hakuongeza. Alikwenda jikoni, akarudi na sambusa zangu nne kwenye karatasi ya foili, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba nilikuwa mgeni wa heshima.

"Utakula nyumbani, Anti," akasema. "Najua hupendi kukaa nje."

Leso hakunirudishia, wala sikuiomba.

Ningependa kuandika kwamba nilipofungua foili ile kwenye treni sambusa zilinikwama kooni. Ingependeza, na msomaji angenisamehe kidogo. Lakini nimeshawahi mara moja kuandika jambo la mwanamke yule kwa namna iliyonipendeza mimi. Hazikunikwama. Zilikuwa bado na joto, na nilizimaliza zote nne kabla treni haijavuka mto.